Chumba Kilichosimama kwa Mstari Mmoja

Niseme ukweli: mara ya kwanza kuona mchoro wa Fred Sandback nilicheka. Nilikuwa kwenye daladala, simu mkononi, nikadhani picha haijamaliza kufunguka. Kona ya chumba imechorwa kwa penseli, mistari mitatu tu inayokutana, na ndani yake mstari mwekundu wa pasteli umesimama wima kutoka sakafuni hadi pale ambapo dari ingekuwa. Basi. Nikasubiri iliyobaki, na hakukuwa na iliyobaki.

Sandback (1943–2003) alikuwa Mmarekani aliyesoma falsafa Yale kabla ya kugeukia uchongaji hapohapo. Mwaka 1966 alichukua kamba na waya kidogo akaunda umbo la kipande cha mbao kilicholala sakafuni, ila mbao yenyewe haipo. Baadaye akaingia kwenye uzi wa kufumia wa akriliki, akiuvuta ukutani, sakafuni, darini, mpaka mtu anaogopa kupita katikati kana kwamba kuna kioo. Michoro yake mingi ya pasteli inahusu nyuzi hizo.

Sasa, kwa nini pasteli? Swali hili lilinisumbua siku kadhaa. Uzi uliovutwa umekaza. Pasteli ni vumbi la rangi lililoshikizwa na gundi kidogo sana. Linakaa juu ya vinyweleo vya karatasi, na ukilipitisha kidole limeondoka. Unachoraje kitu kilichokaza kwa kitu kinachopeperuka? Ila angalia uzi wa kufumia kwa karibu: una manyoya. Kingo zake hazikati hewa kama waya, zinaingia hewani taratibu. Pasteli inafanya vivyo hivyo juu ya karatasi. Penseli inasema ukuta uko hapa. Pasteli inasema kitu kiko hapa, karibu. Nadhani siri ya mchoro huu iko kwenye tofauti hiyo, kuliko kwenye hayo maelezo marefu ya kifalsafa ambayo watu hupenda kumbandika.

Kilichoniacha kucheka lakini ni jambo la nyumbani. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, Mzee alinunua kiwanja. Fundi akaja na vigingi na kamba kuseti msingi. Jioni ile Mzee alitutembeza ndani ya nyumba ya kamba: hapa sebule, hapa jiko, usipite hapo, hapo ni ukuta. Na sisi tukazunguka, jamani, tukatafuta mlango! Pesa ikaisha kabla ya tofali la kwanza. Kamba zilikaa msimu mzima wa mvua, zikalegea, mbuzi wakapita kwenye chumba cha wazee.

Kwa hiyo mtu akiniambia sanaa ya namna hii ni utupu wa watu walioshiba, namwelewa, nami nilikuwa huko. Lakini nyumba ile niliwahi kuingia. Niliiona kwa miguu. Kiswahili kina neno moja, nafasi, kwa mahali pasipo na kitu na kwa bahati ya kufanya kitu, na mbele ya ule mstari mwekundu sijui ninaangalia ipi kati ya hizo mbili.

Sio michoro yote inanifikia. Akiondoa kona ya chumba, akabakiza mistari miwili ya rangi ikielea kwenye karatasi, mimi hapo napotea. Inakuwa mizuri tu, kama kitambaa dukani. Mstari wake unahitaji ukuta wa kubishana nao, na sakafu ya kukanyagia. Penseli ile hafifu, ambayo jicho linairuka, ndiyo inayobeba mzigo.

Na bado nimeona nakala tu. Vumbi la pasteli halipigiki picha vizuri, na kwenye skrini manyoya yale yanakuwa ukungu mwekundu. Hata hivyo nimechapisha mchoro mmoja na kuubandika juu ya meza. Juzi mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya habari ya kiwanja na hajui lolote, aliutazama kwa muda, akaniuliza mlango uko upande gani. Nimeurudia mara kadhaa tangu siku hiyo. Nadhani uko kushoto, nje kidogo ya karatasi.