Ile kimya tunaisifu kule Idjwi

Bandugu wa ukurasa huu, leo nakosoa aina moja ya maandishi ambayo sisi wenyewe tunapenda kusambaza: habari za "nimetembelea kisiwa". Munazijua. Foto ya pirogi asubuhi, maji ya bluu, mtu amekaa na miwani yake, na chini maneno matatu hayakosi: kisiwa tulivu, asili haijaguswa, pahali dunia imesahau. Kwetu Congo kisiwa hicho karibu kila mara ni Idjwi, katikati ya ziwa Kivu. Nilisoma nyingi kabla ya kwenda kule 2022, na zingine nyingi kisha kurudi. Nasema wazi: ni maandishi ya uvivu, hata yale yenye Kifaransa kizuri.

Munielewe. Mutoto wa Musonoi hawezi kubeza kimya. Hapa kwetu mugodi ukilipua, vikombe vinatikisika ndani ya kabati, na vumbi ya malori inakula na sisi mezani. Usiku wa kwanza kule Idjwi nilikosa usingizi juu hakukuwa kelele ya injini hata moja. Uzuri upo. Ninachokataa ni vile unaelezwa.

Tuanze na "asili haijaguswa". Mimi ni mtu wa agronomi, macho yangu yanaenda kwanza kwenye udongo, na sijaona bado pahali udongo umeguswa kushinda Idjwi. Ndizi, kahawa, maharagi, muhogo, nanasi, mpaka juu kwenye miteremko ambako wewe na mimi tungeogopa hata kusimama. Mashamba ni madogo na hayapumziki. Msimu mmoja haujaisha, mwingine umeingia. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unashuka ziwani, na maji ya pembeni yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Turisti anapiga foto ya kijani kinachovutia. Kile kijani ni jembe la mama fulani tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Hata sambaza, wale samaki wadogo wa sifa, hawakuwa wa Kivu. Waliletwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na mikono ya watu. Leo ndio wanakuliwa Goma, Bukavu na Idjwi yenyewe. Na ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ambayo kila mgeni anaipiga foto jua likizama, inatoka kwenda kuwavua usiku kucha na taa. Wavuvi wanaimba wakipiga kasia. Kimya gani hapo?

"Dunia imesahau" ni mbaya zaidi. Ujerumani na Ubelgiji walibishania kisiwa hiki mpaka mapatano ya 1910 yakakiweka upande wa Ubelgiji. Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani wakakikamata mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Kisha yakaja mashamba makubwa ya wazungu. Mwanahistoria wa Marekani, David Newbury, alichapisha 1991 kitabu Kings and Clans, juu ya Ijwi (yeye anaandika bila d). Ndani yake ziwa linafanya kazi ya njia: koo zinavuka kutoka pande mbalimbali, zinakutana, zinatengeneza ufalme. Ni kitabu kigumu, sitawadanganya, na kinadai uvumilivu wa mutu mwenye kuandaa mtihani. Lakini ukurasa wake mmoja uko na watu wengi kushinda habari hamsini za safari.

Kwenye pirogi ndipo nakasirika kabisa. Kwa mwenye kuandika safari, mashua ni starehe. Kwa mutu wa Idjwi ni barabara, ni ambulansi, ni soko. Miaka na miaka wakulima walivusha kahawa yao usiku kwenda Rwanda, juu bei ya upande wetu ilikuwa ya kuhurumia, na wengi walizama. Kuna wanawake kule wamekuwa wajane juu ya mufuko wa kahawa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu sana na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiangalia toka nchi kavu. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria walikuwa wamechagua ziwa juu vita ilikata barabara. Makumi ya watu walikufa.

Sasa soma tena zile habari za safari. Bei ya chumba utaipata, ladha ya nanasi utaipata, saa ya jua kuzama pia. Tafuta jile za kuokoa, tafuta upepo wa mchana, tafuta ni watu wangapi wanapakiwa: hakuna. Mashua niliyopanda ilikuwa na jile tano, na sisi tulikuwa kama watu arobaini. Zilipewa wageni kwanza. Na tangu mwanzo wa 2025 Goma na Bukavu zimechukuliwa na M23. Mwenye kuandika leo "kisiwa cha amani" bila kusema nani anashika bandari, anaandika juu ya sayari ingine.

Kwa nini nawasumbua na Kivu, sisi wa Kolwezi? Juu zamu yetu inafika. Siku ya yenga vijana wanaenda ziwa Nzilo, wanachoma samaki, wanakodi pirogi, na sasa naanza kuona foto na maneno yale yale. Tulivu, haijaguswa. Haijaguswa! Ziwa lile ni la kutengenezwa: Union Minière ilifunga mto Lualaba kwenye korongo la Nzilo mwanzo wa miaka ya 1950, likaitwa Delcommune, ili umeme uende migodini. Mashine za pale ni za megawati 108.

Mimi nataka pale pawe na bustani ya watu wote, na miti, na mashua za kutembea. Nataka sana. Lakini pembeni ya maji ndipo mboga za kiangazi zinatoka: lengalenga, matomati, vitunguu, wakati kule juu udongo umekauka kama tofali. Ndipo pia wavuvi wanafikisha pirogi zao. Bustani ikija na ukuta, hao ndio wa kwanza kufukuzwa, na foto itakuwa nzuri zaidi bila wao. Goma tumeona tayari: ziwa kubwa vile, na wewe mwenye miguu unatembea kando ya kuta za hoteli na nyumba za wakubwa, maji unayasikia tu.

Basi mwenye kwenda Nzilo kiangazi hiki, aandike, nitasoma. Aniambie pirogi ilikuwa ya nani na alilipa franga ngapi. Aniambie mwenye shamba la matomati yuko na karatasi gani ya ile ardhi, na nani alimupa. Aniambie kama samaki alitoka kweli ziwani, ao alikuja na barafu toka mbali. Foto, atie moja, inatosha.