Majina Ukutani Tervuren

Karibu na Brussels, mahali paitwapo Tervuren, pana jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1910 ili Wabelgiji waone mali na mambo ya Kongo. Lilifungwa mwaka 2013 lipate kutengenezwa, likafunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018. Sisi watu wa Nyangwe tuna haki ya kuuliza: vitu vilipopangwa upya, habari zetu zimepangwaje?

Kwanza tutoe sifa. Zamani mgeni aliingia kwa mlango mkubwa, akakutana mara moja na sanamu za rangi ya dhahabu za Arsène Matton, zikimwambia kwamba Ubelgiji imewaletea Wakongo ustaarabu. Siku hizi huingia kwa nyumba ya vioo iliyojengwa kando, hushuka chini ya ardhi, na huko hukuta mtumbwi wa Walengola wa Ubundu, wa mita 22 na nusu, uliochongwa katika mti mmoja. Huo ni mtumbwi wa mto wetu Lualaba! Kumpokea mgeni kwa kazi ya mikono ya Wakongo kabla ya maneno ya Wazungu ni jambo jema, nami nasema aliyeuweka pale alikuwa na akili.

Lakini jumba lenyewe linalindwa na sheria, na sanamu za Matton hazikuondolewa. Moja huitwa «Utumwa», nayo yaonyesha Mwarabu akiwatesa Waafrika. Katikati ya chumba kile kimewekwa kichwa kikubwa cha mti, kazi ya Aimé Mpane, Mkongo, kijibishane na sanamu za zamani. Ni kizuri. Ila kwa habari ya Mwarabu yule hakitoi jibu, na hapo ndipo penye shida kwetu.

Maana utumwa ulikuwa kweli. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa Dugumbe waligombania bei ya kuku, kisha wakafyatua bunduki. Livingstone alikuwapo. Waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikisiwa kuwa mia tatu au mia nne, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Basi asituambie mtu kwamba mambo hayo ni uzushi wa Wazungu. Lakini walioshika bunduki katika miaka ile hawakuwa Waarabu tu. Wengi walikuwa wenyeji, na Gongo Lutete aliyemtumikia Tippu Tip aligeuka akapigana upande wa Dhanis, aliyeiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893. Mwaka ule ule Wabelgiji wakamwua Gongo Lutete naye. Sanamu ya mwovu mmoja haiwezi kubeba habari hii. Leo wajukuu wa waliokamata na wa waliokamatwa hununua samaki soko moja, na wengine hupiga magoti kanisa moja.

Yupo msanii aliyeelewa zaidi. Katika jumba hilo pana ukuta wenye majina 1.508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Wengine walikufa katika vita vya huku kwetu. Freddy Tsimba wa Kinshasa ameandika juu ya vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, wakiwamo wale saba walioletwa kwa maonyesho ya 1897: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao huanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Kazi hii yapita nyingine zote mle ndani. Walakini jua la Ubelgiji ni haba, na siku ya mawingu Wabelgiji hubaki peke yao ukutani.

Na wale wanawake wa soko? Majina yao hayakuandikwa popote, hivyo hayawezi kuchorwa juu ya kioo. Kama wapangaji wa makumbusho wataka kuwaweka, wasitafute sanamu nyingine ya kutisha. Watosha mtungi mmoja, kikapu kimoja cha samaki wakavu, na kibao kidogo chini yake: Nyangwe, siku ya soko, 15 Julai 1871.