"Takrima" na "Ushawishi": Istilahi Mbili za Fedha katika Siasa

Miongoni mwa istilahi zinazowakabili wafasiri wa habari za Bunge na uchaguzi, ni chache zilizopotosha fikra kama takrima. Neno lenyewe halina kosa. Ni jamaa ya karimu na kukirimu, na humaanisha heshima anayofanyiwa mgeni kwa chakula, kinywaji na mapokezi mema. Kosa limo katika kazi liliyopewa.

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliongeza vifungu vidogo katika Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, iliyokuwa ikitumika wakati huo. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, nayo yalieleza kwamba jambo lililotendwa kwa nia njema, kwa mujibu wa ukarimu wa kawaida au wa kimila, lisihesabiwe kuwa kosa. Magazetini na majukwaani ukarimu huo ukaitwa takrima. Mgombea aliyegawa vyakula na vinywaji akapata jibu tayari: hakuhonga, alikirimu.

Hapa yafaa mfasiri ajiulize: katika mkutano wa kampeni, mgeni ni nani na mwenyeji ni nani? Mgombea ndiye aliyepiga hodi, na ndiye mwenye haja. Kwa desturi zetu apigaye hodi hukirimiwa, hakirimu. Kuligeuza tendo hilo na kulibakizia jina lake ni kuvunja maana ya kitenzi chenyewe. Mwenye haja atanguliaye kutoa ili apewe hakukosa jina katika Kiswahili: kuna rushwa, hongo, mlungula, hata chauchau. Lugha haikuwa na upungufu wowote wa kuzibwa.

Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vilikwenda kinyume cha Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba viliwabagua wagombea wasio na kipato kikubwa, kwani si kila mtu aweza kukirimu kijiji kizima. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ilichagua neno bora zaidi. Gharama huhesabika, huwekewa kikomo, hutolewa taarifa. Takrima haina stakabadhi.

Ushawishi ni tatizo la namna nyingine, kwani upana wake umezidi. Mhubiri hushawishi, mchumba hushawishi, na mwananchi amwandikiaye mbunge wake barua hushawishi pia. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1995 iliwalenga watu mahsusi: wale wanaolipwa na mteja ili wawaendee wabunge na maofisa wa serikali kwa niaba yake. Hao hutakiwa kujiandikisha, kumtaja mteja, na kueleza fedha zilizopatikana au kutumika. Mfasiri akiandika "washawishi" pasipo kuongeza neno, malipo hutoweka katika sentensi, na msomaji hudhani anasoma habari za watu wenye ufasaha tu. Anayefuata asili ya neno la Kiingereza naye huishia kwenye ukumbi wa Bunge, mahali pasipomwambia Mswahili lolote kuhusu fedha.

Kwa maoni yetu, na iandikwe ushawishi wa kulipwa, na mtendaji wake aitwe mshawishi wa kulipwa. Ni maneno marefu, na wahariri wa magazeti watanung'unikia nafasi. Lakini mwananchi aendaye kwa mbunge wake bila ujira abakiziwe ushawishi mtupu, asije akachanganywa nao.