Kibati Kisemacho Kweli
Nilipomtembelea mwanangu huko Minnesota, alinipa kijitabu cha muuzaji nimshauri juu ya boti mbili za alumini: ya futi 16 na ya futi 18. Kijitabu hicho, ndugu msomaji, kina kasoro kubwa. Kinasifu mwendo na rangi. Pichani wamo watu wanne, na maji yametulia kama ya mtungini. Wao ni sita, na ziwani huvuma upepo. Ukweli tuliukuta dukani, kwenye kibati ambacho sheria ya Marekani huagiza kibandikwe ndani ya boti kama hizi: idadi ya watu, uzito kwa ratili, nguvu ya injini. Cha ile ndogo kilisema watano. Mwanangu akadai kitinda mimba ni mwepesi. Nikamwambia anunue kubwa, au asubiri.