Pongezi kwa Wanaouliza Mara ya Pili

Septemba 2008, kampeni za urais wa Marekani zikiwa zimepamba moto, mtangazaji Katie Couric wa televisheni ya CBS alimuuliza Sarah Palin, mgombea mwenza wa John McCain, anasoma magazeti gani. Palin akajibu kwa jumla. Couric, kwa upole, akaomba atajiwe hata moja. Halikutajwa. Wanaochunguza mahojiano ya kisiasa wanayarudia mazungumzo hayo hadi leo, na wana haki: uzito wote wa kazi ya kuhoji umo katika swali la pili.

Kwetu Tanzania, nampongeza kwa moyo wote Tido Mhando, ambaye mwaka 2010, akiliongoza shirika la utangazaji la taifa, TBC, alipeleka kamera majimboni ili wagombea waulizwe mbele ya wapigakura wao. Huko ndiko kwenye maswali yenye uzito. Mkulima wa mpunga wa Kibiti au wa delta ya Rufiji hashibi neno "maendeleo". Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 anataka kujua maji ya Bwawa la Nyerere, lililo juu ya mto huo, yakifunguliwa nani huwaarifu walio bondeni, kwa njia gani, na siku ngapi kabla. Mgombea akisema "tunalishughulikia", muulizaji hodari humwacha amalize, kisha humuuliza: lini, na kwa fedha zipi?

Kazi hiyo ni ya heshima kubwa. Waandishi wa televisheni, kampeni zijazo msiishie Dar es Salaam. Fikeni Nyamisati, kule delta ya Rufiji, mkae na watu, mwondoke na maswali yao.