Urithi wa Damu: Namugongo, Mengo na Nyange

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Wakatoliki wa Afrika Mashariki huadhimisha sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Katika kata ya Bugomora, wilayani Kyerwa, sikukuu hiyo si habari ya mbali. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imepakana na Uganda kwa kaskazini na Rwanda kwa magharibi, na imani ya Kikatoliki ya mkoa wa Kagera chimbuko lake ni Buganda. Mkristo wa huko asemapo "mashahidi wetu" asema kweli. Basi swali linalowakabili wanaoandika na kuhubiri historia ya Kanisa ni hili: ikiwa waliokufa kwa ajili ya dini ni wetu, je, waliotumia nguvu kwa jina la dini hiyohiyo ni wa nani?

Namna habari hizi zinavyosimuliwa kwa kawaida yastahili kuchunguzwa. Husimuliwa jinsi Mapadri Weupe walivyofika Buganda mwaka 1879, jinsi Yosefu Mukasa alivyouawa mwaka 1885, na jinsi vijana walivyochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kisha msimulizi aruka hadi tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi 22. Kati ya moto wa Namugongo na sherehe ya Roma pana miaka 78, na ile ya mwanzo ndiyo inayorukwa zaidi. Tena ni nadra kutajwa kwamba katika miaka ya 1870, wakati wa Mutesa, Waislamu nao waliuawa hukohuko Namugongo kwa sababu ya imani yao.

Yanayorukwa ni haya. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu waliungana kumwondoa Mwanga katika kiti chake. Haukupita muda mrefu Waislamu wakawafukuza Wakristo. Nao Wakristo wakarudi kwa silaha, na kufikia mwaka 1890 walikuwa wameishika nchi, Mwanga akiwa kabaka tena. Vyeo vikagawanywa baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, Waislamu wakaachwa nje. Ikakubaliwa pia kwamba mwenye cheo akibadili dini apoteze cheo chake. Watu wakaitwa Wafransa na Waingleza, kana kwamba ubatizo ni uraia. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zikapigana Mengo. Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki na kuwasaidia kwa mzinga wa Maxim, Wakatoliki wakashindwa. Askofu Hirth alikimbilia kusini hadi katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, na mwaka huohuo misioni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba.

Hivyo Kanisa la Kagera lilizaliwa na wakimbizi wa vita vya dini. Kwamba walionewa, hilo halina ubishi. Lakini walioshindwa Mengo hawakuwa kama waliochomwa Namugongo. Wale wa Namugongo walikufa mikono mitupu. Hawa walishindwa vita ambavyo wao pia walivipigana, kwa ajili ya vyeo ambavyo wao pia walivigawana kwa kipimo cha dini. Msimulizi anayewachanganya awavunjia heshima mashahidi, kwa maana awafanya kuwa sawa na kundi la siasa lililokosa bahati.

Watetezi wa Kanisa hutoa majibu mawili kila mambo ya namna hii yanapotajwa. Jibu la kwanza ni kwamba watu wa kale wasipimwe kwa mizani ya leo. Jibu hili lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Hakuna asomaye historia vema pasipo kuingia katika fikira za watu wa wakati ule. Lakini katika jambo hili mizani si ya leo. Mtaguso wa Nne wa Toledo, mwaka 633, ulikataza Wayahudi wasibatizwe kwa nguvu. Ajabu ni kwamba mtaguso huohuo uliamuru waliokwisha kubatizwa kwa nguvu wabaki katika Ukristo. Toma wa Akwino naye alifundisha karne nyingi baadaye kwamba kuipokea imani ni jambo la hiari, bali kuishika baada ya kuipokea ni lazima. Kwa hiyo Kanisa lilijua tangu zamani kwamba imani haishurutishwi. Lililolifanya ni kuiwekea hiari mlango wa kuingilia bila mlango wa kutokea. Ile kanuni ya Buganda, ya kumnyang'anya cheo abadiliye dini, ni mtoto wa fikira hiyohiyo, na safari hii pande zote mbili za Wakristo zilimlea.

Afrika yenyewe si mgeni katika habari hii. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, hapo kwanza alipendelea kuwavuta Wadonato kwa hoja peke yake. Baadaye akageuza shauri lake, akatetea matumizi ya sheria za dola dhidi yao, akitegemea neno la Injili ya Luka juu ya kuwashurutisha watu waingie karamuni. Neno la mfano likawa hoja ya serikali, na kwa karne nyingi waliotaka kushurutisha hawakukosa jina kubwa la kujikinga nalo. Haitoshi kusema kwamba Augustino alikuwa mtu wa zama zake, kwa kuwa katika zama zake hizohizo, na katika nafsi yake mwenyewe, shauri lile jingine lilikuwapo.

Jibu la pili ni kubwa zaidi: kwamba waliokosa ni watu, wala si Kanisa. Hapo Bugomora haina budi kuutazama mto wake. Baadaye Askofu Hirth alielekea Rwanda, na mwaka 1900 misioni ya Save ikaanzishwa. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Mfalme Musinga, aliyekataa kubatizwa. Mwanawe Rudahigwa akatawazwa, akabatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Hapakuhitajika fimbo: ilijulikana kwamba njia ya ukubwa yapitia kanisani. Mwaka 1994 mto Kagera, ulio mpaka wa Kyerwa na nchi hiyo, ulichukua maiti hadi ziwa Victoria, na wakimbizi wakajaa Ngara na Karagwe.

Mauaji yale ya kimbari hayakuwa vita vya dini, wala haifai kuyaita hivyo. Lakini yalitendeka hata ndani ya makanisa. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya Watutsi wapatao 1,500 waliokuwa wamekimbilia humo, na padri wa parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Katika rufani ya mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia Wanyarwanda kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa hatia ya wanawe waliotenda kinyume cha sheria ya Injili. Mwaka 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake.

Je, kauli hizi mbili zinapingana? Zapingana kwa asiyetofautisha hatia na deni. Hatia ni ya mtendaji, nayo hairithiwi. Mtoto wa Bugomora aliyezaliwa mwaka 2000 hana hatia ya Nyange wala ya Mengo. Deni ni jambo jingine. Msibani hutangazwa mbele ya watu wote kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na mrithi hasemi, "Aliyekopa ni baba, si mimi," huku amelishika shamba la baba. Akitaka kulikana deni, na aliache shamba. Mkatoliki anayejivunia Namugongo amekwisha kulishika shamba. Hakuwamo motoni, wala hakustahili taji lile kwa tendo lake; amelipata kwa kuwa ni mtu wa ukoo. Kwa njia hiyohiyo, na kwa haki hiyohiyo, Mengo na Nyange zamfikia.

Wako watakaoogopa kwamba maneno ya namna hii yawapa silaha adui za Kanisa. Hofu hiyo imechelewa. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Kadinali Laurean Rugambwa, wakati huo Askofu wa Bukoba, alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ulipitisha tamko juu ya uhuru wa dini kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Tamko hilo lilikiri waziwazi kwamba katika safari ya watu wa Mungu nyakati nyingine zilitumika njia zisizopatana na roho ya Injili. Anayeficha leo yale yaliyokiriwa na maaskofu wa dunia nzima halilindi Kanisa, alibisha.

Wala kukiri si kulitukana Kanisa. Katika Aprili ileile ya mwaka 1994, huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka, Mkatoliki na Mhutu, alikataa kuwaacha Watutsi aliowahifadhi, akauawa pamoja nao. Padri wa Nyange na mwanamke wa Gisenyi walibatizwa ubatizo mmoja. Historia inayomtaja mwanamke peke yake yamnyima kipimo cha ushujaa wake, maana haionyeshi alikataa nini wakati wengine walipokubali. Ndiyo sababu mahubiri ya tarehe 3 Juni, huko Bugomora na kwingineko, hayatapungukiwa utukufu yakiendelea hadi Mengo, na kutoka Mengo hadi Kashozi, na kutoka Kashozi hadi ng'ambo ya mto.