Sifuri ya Katikati

Kisumu hakuna nyumba inayopashwa joto kwa umeme. Mji uko mita elfu moja na ushee juu ya usawa wa bahari, ziwa mbele na vilima vya Nandi nyuma, na jua la saa nane mchana latutosha. Joto tunalolinunua kwa stima ni la maji ya kuoga: ya mtoto mchanga, ya mzee mwenye maungo yanayouma, ya mgeni wa gesti aliyeahidiwa bafu la moto. Kwa hiyo mtu wa huku akiuliza jinsi ya kuzima kabisa umeme wa akiba unaolisha joto la nyumba, anauliza juu ya hita ya bafuni, na juu ya jenereta, inveta na betri zinazosimama nyuma yake stima ikipotea.

Swali hilo ni la fundi, lakini hata mhakiki ana kazi hapo. Kila hatua ya kuzima imeandikwa mahali fulani: kwenye tangazo, kwenye kisanduku cha ukutani, kwenye swichi yenye kitaa chekundu nje ya mlango wa bafu, kwenye uso wa inveta. Ni maandishi mafupi mno, mengine alama moja tu, na husomwa na mtu mwenye haraka au aliye gizani. Umbo lake ndilo linaloamua kama msomaji huyo yuko salama.

Nianze na andiko lililozoeleka kuliko yote, tangazo la Kenya Power (KPLC) la kukatwa kwa stima. Umbo lake halijabadilika sana kwa miaka. Juu kuna kichwa kwa herufi kubwa. Chini yake inatajwa Kanuni ya 27 ya kanuni za umeme, kisha ndani ya mabano sababu za jumla: matengenezo, kuunganisha wateja wapya, kuhamisha nyaya barabara inapojengwa. Halafu zinafuata kaunti, eneo, tarehe na saa, mara nyingi saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwisho ni orodha ya mahali, na orodha hiyo ndiyo sehemu hai ya andiko zima. Shule, soko, kanisa, kituo cha mafuta, mtaa, shule tena: majina yanafuatana, na anayeujua mji anaweza kutembea nayo nguzo hadi nguzo. Hakuna ramani, ila msomaji wa Mamboleo au Nyalenda anajua mara moja kama yumo. Kisha orodha inafungwa kwa wateja walio karibu na hapo, na kwa maneno hayo machache mpaka wa eneo unaachwa wazi. Napenda uaminifu wa mwisho huo. Waya haufuati mipaka ya mitaa, na tangazo linakiri.

Lakini lisome tena ukitazama nani anatenda. Ugavi wa umeme utakatishwa. Hatajwi anayekata, na msomaji hapewi la kufanya. Umeme wa tangazo una mwelekeo mmoja: unatoka kwao unakuja kwako, na siku hiyo hautakuja. Ndivyo ilivyokuwa zamani, nyumba ilipokuwa na waya mmoja unaoingia na koroboi juu ya kabati. Leo nyumba ngapi za Milimani na Riat zina jenereta au inveta? Duka la samaki lenye friji mbili za mbuta haliwezi kungoja saa kumi na moja jioni. Tangazo, katika umbo lake la kawaida, halina hata sentensi moja inayomwambia mtu kama huyo: leo wewe pia ni chanzo cha umeme, na fundi wetu yuko juu ya nguzo.

Hatari yenyewe ni rahisi kueleza. Mtu anachukua waya wenye plagi ncha zote mbili, anachomeka moja kwenye jenereta na nyingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Asipozima swichi kuu, umeme hauishii kwenye taa zake. Unarudi kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui mbele wala nyuma. Kifaa kinachoshusha volti 11,000 kuwa 240 kitapandisha 240 kuwa 11,000 bila kuuliza. Waya ambao tangazo limesema umekufa unapata uhai kutoka sebuleni kwa mtu. Mafundi wa laini wana desturi ya kupima waya na kuufunga ardhini kabla ya kuushika, na desturi hiyo ndiyo inayowarudisha nyumbani jioni. Tangazo linalonyamaza linaiachia desturi hiyo peke yake kazi yote.

Sasa tutazame chenjiova, na hapa nataka kukaa kidogo. Ni kisanduku cha kijivu au cheusi kando ya mita, chenye mkono wa kuzungusha na alama tatu: I, 0, II. Fundi akimaliza kazi hutoa kalamu ya wino mzito akaandika KPLC juu ya I na GEN juu ya II. Juu ya sifuri haandiki kitu. Nimeona visanduku vingi vya namna hii mjini, na sikumbuki kuona sifuri iliyopewa jina. Haihitaji.

Angalia mpangilio. Mtengenezaji angeweza kuziweka zile namba mbili pamoja, na sifuri pembeni, kama zinavyofuatana katika kuhesabu. Ameiweka katikati. Huwezi kutoka I ukafika II bila kuipita, na huwezi kurudi bila kuipita tena. Ndani ya kisanduku, kile kilichoandikwa usoni kimefanywa chuma: mkono mmoja unasukuma vikutanishi vya pande mbili, na hakuna namna upande mmoja ukashika kabla mwingine haujaachia. Tangazo linaweza kupuuzwa. Alama hizi tatu zina nguvu ya kuzuia, maana wazo baya haliwezi kuandikwa kwa kifaa hiki hata ukitaka. Stima ya laini na stima ya jenereta hazitakutana kamwe ndani ya kisanduku hicho.

Wasomaji wa ushairi wetu wa jadi watalitambua umbo hili. Mshororo wa mizani kumi na sita hukatika katikati, nane za ukwapi na nane za utao, na msomaji mzuri hupumua pale. Asiyepumua hafiki mwisho na sauti. Sifuri ya chenjiova ni pumziko la aina hiyo, na lina kazi kwa pande zote mbili. Jenereta inayovutwa kamba haizunguki sawa na mitambo ya gridi, kwa hiyo mawimbi yao hayaendi pamoja. Mota ya friji iliyokuwa ikizunguka kwa stima ya upande mmoja inahitaji muda wa kusimama kabla ya kupewa stima ya upande wa pili. Ndiyo maana fundi mzuri husema: mama, weka sifuri kwanza, hesabu pole pole, ndipo uende. Na chenjiova ya nguzo mbili, iliyofungwa vizuri, hukata waya wenye moto na nyutro kwa pamoja. Ikiwa kwenye sifuri, nyumba haidai wala haidaiwi na yeyote.

Kasoro yake ni moja, na ni ya kimaandishi pia. Ukiwa kwenye II hujui kama KPLC wamerudisha, maana upande wa I uko kimya. Watu huchungulia taa ya jirani. Mafundi wengine huongeza kitaa kidogo upande wa laini kinachowaka stima ikirudi, na kwa gharama ya kitaa hicho andiko linakamilika.

Kisha ikaja inveta. Nielewe vizuri: sina ugomvi na inveta. Mvua ya jioni inapotoka ziwani, na bonde hili la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani, stima inaweza kupotea na kurudi mara kadhaa kabla ya chakula. Mwanafunzi anayesoma, mgonjwa wa mashine ya oksijeni, mwenye duka la M-Pesa, wote wanastahili nuru isiyokatika. Inveta inahama kutoka laini hadi betri kwa milisekunde kumi au ishirini, na kompyuta haitambui. Lakini katika wepesi huo ile sifuri imemezwa. Mshororo umeandikwa bila pumziko. Chenjiova ilimlazimu mwenye nyumba ashiriki, asimame mbele ya kisanduku na kuchagua. Inveta inachagua yenyewe, na usoni mwake kuna kioo chenye picha ndogo za nguzo, betri na nyumba, zilizounganishwa kwa mishale.

Chini ya kioo kuna kitufe, na kitufe hicho ndicho andiko linalonisumbua kuliko yote. Kinaahidi kuzima. Kibonyeze, kioo kinafifia, feni inanyamaza, na mtu mwenye akili timamu ataamini kazi imekwisha. Aina nyingi za inveta, zikizimwa kwa kitufe huku stima ya laini ipo, huipitisha stima hiyo moja kwa moja hadi kwenye soketi. Betri bado imeshikamana na nyaya nene nyuma. Ndani, kapasita zina chaji inayochukua dakika kadhaa kuisha, na vitabu vya maelekezo huonya juu yake katika kurasa zisizofunguliwa. Na kama kuna paneli juu ya paa, hizo hazina swichi kabisa. Jua la Kisumu likiwa utosini, paneli zilizofungwa kwa msururu zina volti zake, na zitakuwa nazo hadi magharibi. Unachoweza kufanya ni kuzitenga kwa breka ya umeme wa mkondo mmoja, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu cheche ya mkondo huo haizimiki kirahisi kama ya laini.

Kuzima kabisa, basi, kumekuwa aya yenye sentensi kadhaa zenye mpangilio: toa mizigo, zima inveta, kata laini inayoingia, tenga paneli, ndipo betri, kisha ngoja. Betri inatengwa baada ya paneli kwa sababu kidhibiti chaji kinachoachwa na paneli bila betri kinaweza kuharibika. Aya hiyo haijaandikwa popote kwenye uso wa kifaa. Imo kichwani mwa fundi aliyeifunga, na fundi ana wateja wengine.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani, aibu kubwa iliyojadiliwa ilikuwa ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambako jenereta ya akiba haikuwaka. Taifa letu lina msamiati tele wa akiba iliyokataa kuanza. Kwa akiba inayokataa kukoma maneno ni machache, na nadhani ni kwa sababu haileti giza. Kila kitu kinaonekana sawa.

Turudi bafuni. Swichi ya hita huwekwa nje ya mlango, pana kuliko za taa, na katikati yake kuna kitaa chekundu. Ni swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, nayo kwa jambo hilo inastahili sifa sawa na chenjiova. Shida ni kitaa. Watu hukisoma kwamba maji yanachemka. Maana yake ni kwamba njia ya umeme iko wazi, basi. Kwa hita ya papo hapo, ile inayofungwa kwenye bomba la mvua, moto hauanzi hadi maji yapite na msukumo wake uunganishe vikutanishi. Kwa tangi la sola lenye koili ya umeme ndani, koili hupumzika maji yakifika kiwango, tuseme nyuzi 60, huku kitaa kikiendelea kuwaka. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge sola, na matangi mengi yalipanda juu ya paa na koili zake za akiba. Kisha swichi ikaachwa imewashwa mwaka mzima. Usiku maji yakipoa koili inaamka, na asubuhi jua linakuta kazi imekwishafanywa kwa tokeni za stima.

Hita ya papo hapo ya wati 5,500 huvuta ampea 23 hivi kwa volti 240. Jenereta ya kVA 2.5 haiwezi kuibeba, na inveta ya kawaida ya nyumbani itajifunga kwa kelele au kuungua. Kwa hiyo mpangilio wenye busara ni ule unaogawa ubao wa umeme mara mbili: taa, friji na soketi chache upande wa akiba, hita upande wa laini peke yake. Katika nyumba iliyofungwa hivyo, hita huzimika kila akiba inapochukua zamu, bila mtu kukumbuka. Fundi mmoja huandika kando ya breka kwa ile kalamu yake nzito: HITA – KPLC TU. Maneno matatu na kistari, na mpangaji mpya ataelewa kwa nini maji ni baridi taa zikiwa zinawaka. Sioni cha kurekebisha pale.

Tangazo nalo lina nafasi ya kuongezwa mstari, tena najua pa kuuweka: chini kabisa, mara baada ya wateja walio karibu, kwa maana hao ndio ambao umeme wao unaweza kupanda kwenye waya huo huo. Uandikwe kwa Kiswahili, na kwa kaunti hizi za ziwani kwa Dholuo pia, badala ya Kiingereza peke yake. Mwenye jenereta au inveta ahakikishe nyumba yake imetengwa na laini kabla ya kuwasha, na auchukulie waya wa nje kuwa hai wakati wote, kwa sababu stima inaweza kurudi kabla ya saa iliyotajwa.